Pikipiki ya baba imeungua: nichukue hela ya bima au niitengeneze mwenyewe?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi nipo Moshi, Rau. Marehemu baba aliniachia Yamaha XT 500 ya 1981, aliyoinunua kwa Mjerumani aliyekuwa kwenye mradi wa maji. Wiki mbili zilizopita niliipiga kiki asubuhi, ikarudisha moto kwenye kabureta, pakawaka chini ya tangi. Majirani walimwaga mchanga na maji, konda wa Hiace akaja na mtungi wa poda, tukauzima. Siti, wayaringi na kabureta vimekwisha, tangi limebabuka. Nina bima kubwa ya shilingi milioni 6. Asesa, yaani mkaguzi wa bima, kasema ni hasara kamili (haifai kutengenezwa), na kampuni inataka kunilipa milioni 5.4 ichukue mabaki. Fundi wangu wa Majengo anasema kwa milioni 2.8 anairudisha barabarani. Mama anasema nichukue hela ninunue Boxer mpya. Kadi bado ina jina la baba. Mpira wa mafuta ulikuwa unavuja tangu kabla ya moto, sijui kama niwaambie. Na nikitengeneza, niweke umeme wa volti 12?

Jibu: Marahaba, na pole sana. Kwanza, kabla hujamaliza kusoma: kama kuna mtu yeyote hapo nyumbani anayeijaribu hiyo pikipiki kwa kiki, mwambie aache. Nitaeleza sababu huko mbele.

Tuanze na hiyo milioni 5.4, maana naona ndiyo inayokutia haraka. Milioni 6 ni thamani uliyokatia bima, na laki 6 zilizokatwa ni asilimia 10, bila shaka ndiyo sehemu unayochangia mwenyewe kwa mujibu wa mkataba wako. Hadi hapo hesabu iko sawa. Ila katika hiyo ofa kuna mambo mawili yamefungwa pamoja: wanakulipa hasara ya moto, na papo hapo wananunua pikipiki yako. Ukisaini, fremu, injini na kadi vinaondoka. Baadaye kampuni itayauza mabaki hayo kwa atakayetaja bei nzuri, na atakayeyanunua huenda ni mtu wa hapahapa Arusha anayejua vizuri anachokibeba.

Kwa Boxer iliyoungua nisingekuwa na neno. Mabaki yake ni chuma chakavu, chukua hela nenda. XT 500 ni habari nyingine. Ilitoka mwaka 1975, na mwaka 1979 Cyril Neveu akashinda nayo mbio za kwanza kabisa za Paris–Dakar, zilizopita kwenye vumbi na mawe ya Afrika Magharibi. Wafaransa na Wajerumani hawajaacha kuipenda tangu hapo. Yamaha waliendelea kuiunda hadi 1989, na injini yake ndiyo mama wa ile ya SR 500, iliyodumu sokoni hadi mwisho wa miaka ya tisini. Kwa hiyo vipuri vipo. Pale Hamburg kuna duka, KEDO, linaloishi kwa ajili ya mashine hizi mbili tu na jamaa zake wa karibu: wayaringi mpya, siti, gasketi, hadi stika za tangi. Vitu vyote ulivyonitajia kwamba vimekwisha ni vitu vinavyonunulika. Vigumu kupata ni fremu yenye namba halali, kadi yake, na kasha la injini zima. Hivyo vitatu ndivyo kampuni inavyotaka kuondoka navyo.

Basi swali lako la "bima au nitengeneze" lina jibu la tatu ambalo hakuna aliyekuambia. Waandikie kampuni, kwa maandishi, uwaulize: nikibaki na mabaki, mtanilipa kiasi gani? Ni ombi la kawaida kabisa katika madai ya hasara kamili. Watakadiria thamani ya mabaki, watakata kwenye malipo, wewe unabaki na chombo pamoja na hela iliyosalia. Wakisema mabaki ni laki 8, utapata milioni 4.6 na pikipiki yako.

Na hapa kuna jambo linaloweza kukufaa. Nimefanya kazi ya kukagua vyombo kwa niaba ya bima kwa miaka mingi, kwa hiyo najua asesa wa huku anavyofikiri mbele ya pikipiki ya zamani: hana soko la kulinganisha nalo, analinganisha na bodaboda. Mazoea hayo huwaumiza wenye pikipiki kama yako pale thamani ya chombo kizima inapokadiriwa. Wewe yamekukuta kwenye mabaki, na huko anayekadiria chini anakupunguzia makato. Usiingie kubishana naye kwamba pikipiki ina thamani ya milioni 12 Ulaya. Bima yako ina dari la milioni 6, hutapata hata senti juu yake, na utakuwa umempa sababu ya kupandisha bei ya mabaki.

Lakini usiyanunue mabaki kabla hujajua yana uzima gani. Kazi hiyo ni ya siku moja ukiwa na fundi mwenye subira, na ndiyo itakayoamua kila kitu.

Soma rangi ya fremu. Mahali ilipovimba na kuchubuka huku rangi ya chini ikiwa imebaki, chuma hakikupata joto la kutisha. Palipobaki chuma kitupu cha kijivu kilichoota kutu kwa usiku mmoja, hapo palikuwa na moto wa kweli. Nataka uangalie zaidi shingo ya fremu, pale uma wa mbele unapoingia. Kwenye XT 500 oili ya injini inakaa ndani ya fremu yenyewe, kwenye bomba la mbele na la juu, kwa hiyo mabomba hayo yanakuwa na kitu cha kufyonza joto. Imwage hiyo oili kwenye beseni safi uitazame. Ikiwa na rangi ya maziwa, maji ya majirani yamepita. Ikiwa na chembe za mchanga, weka alama ya tahadhari. Kisha zungusha usukani polepole: ukikwama au ukikwaruza, grisi ya beringi za shingoni imeungua na beringi zenyewe ni za kutupa, maana chuma kigumu cha beringi hupoteza ugumu wake kwa joto dogo kuliko watu wanavyodhani. Hilo ni dogo. Kubwa ni fremu kupinda. Vuta uzi kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, pande zote mbili, na uone kama magurudumu yako kwenye mstari mmoja.

Injini nayo ina ushahidi wake. Kabureta za Kijapani za enzi zile, Mikuni yako ikiwemo, zimemiminwa kwa aloi ya zinki, ambayo huyeyuka kabla ya kufika nyuzi 400 za Selsiasi. Aluminiamu safi huyeyuka kwenye 660. Kwa hiyo kabureta kuyeyuka peke yake kusikutishe. Angalia mapezi ya hedi na ya silinda jirani na kabureta. Kingo zikiwa bado kali, zinazoweza kukukwaruza kidole, joto halikukaa hapo muda mrefu. Zikiwa zimelegea na kuviringika, hedi hiyo usiihesabu. Na hata bila kuyeyuka, aluminiamu iliyopikwa kiwandani ili iwe ngumu huanza kulegea mara inapovuka nyuzi 200 na kitu, hivyo hedi ipelekwe kwa fundi wa mashine ya leithi apime kama uso wake bado umenyooka. Arusha, eneo la Unga Limited, mafundi wa namna hiyo hawakosekani.

Sasa lile la kiki. Mpira unaounganisha kabureta na hedi umeungua, bila shaka. Maana yake mlango wa kuingizia hewa kwenye injini uko wazi, na watu wamemwaga mchanga, maji na poda humo. Kiki moja tu itauvuta mchanga hadi ndani ya silinda, na pistoni itasaga ukuta wa silinda kama jiwe la kunolea. Injini iliyonusurika kwenye moto itakufa kwa udadisi wa shemeji. Ziba tundu hilo kwa kitambaa safi leo, toa plagi, uchungulie kwa zile kamera ndogo za kuunganisha na simu. Ukiona hata punje moja, hedi ifunguliwe kabla injini haijazungushwa hata nusu mzunguko.

Poda nayo ina ubaya wake. Mitungi mingi ya kwenye magari ina poda yenye fosfeti ya ammoniamu, ambayo ikipata unyevu inageuka tindikali na kuanza kula aluminiamu na nyaya za shaba. Nawe umepitisha wiki mbili, na kwa umande wa Rau sina raha. Kwa kuwa asesa ameshakagua, piga picha za kila pembe, mwarifu wakala kwa ujumbe wa simu kwamba unasafisha ili hasara isiongezeke, kisha fanya hivyo: kwanza upepo wa kompresa na brashi kavu, halafu maji ya sabuni, halafu ukaushe na kupaka oili nyepesi. Mikataba ya bima humtaka mwenye chombo achukue hatua za busara kuzuia hasara isikue, kwa hiyo asije mtu akakuambia umeharibu ushahidi.

Tangi: weka sumaku. Ikishika ni bati, na tangi la bati lililobabuka rangi linaweza kurudi vizuri, hasa sehemu ya chini iliyokuwa na petroli ndani, kwa sababu petroli ikiwa bado kimiminika huzuia bati lisipate joto kupita kiasi. Isiposhika, una tangi la aluminiamu, lililofungwa kwenye baadhi ya XT 500 za soko la Ulaya, na hilo ni mali. Hata kama limebonyea usilitupe. Ila sikia: mtu yeyote asilichomelee kabla halijaoshwa na kujazwa maji hadi karibu na sehemu anayochomelea. Tangi lililoonekana tupu ndilo lenye mvuke, na mvuke ndio unaolipuka.

Shokapu za nyuma, kebo zote, mipira yote na oili sili za uma, usizikague. Nunua mpya.

Narudi kwenye karatasi, maana umeniandikia mstari mmoja kuhusu kadi kana kwamba ni jambo dogo. Kadi ina jina la baba, naye ni marehemu. Bima ina jina lako. Mwenye bima lazima awe na maslahi ya kisheria kwenye kitu alichokatia bima, na kampuni ikifika kwenye hatua ya kulipa, au mbaya zaidi ya kuchukua mabaki, itataka kujua nani ana mamlaka ya kukabidhi. Kama mirathi ilishafunguliwa Mahakama ya Mwanzo na msimamizi yupo, mpate, aandike kwamba pikipiki ni fungu lako, na muanze kubadilisha umiliki TRA. Kama mirathi haijafunguliwa, ifungueni sasa. Najua ndugu wanaweza kuanza kuulizana mambo ya shamba la Kibosho kwa sababu tu ya pikipiki, lakini hakuna njia ya mkato hapa. Mirathi ikikwama kwa muda mrefu na kampuni ikakataa kulipa, ndipo njia ya kutengeneza kwa hela yako inakuwa ndiyo njia pekee, na hapo tutazungumza lugha ya kununua kidogokidogo.

Hakikisha vilevile kwamba ulichonacho ni bima kubwa kweli. Nasema hivi kwa kuwa nimewaona wengi wanaoamini hivyo kumbe wana ile ya mtu wa tatu, inayolazimishwa na Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169. Hiyo hulipa uliowagonga, chombo chako hailipi hata taa. Kwako asesa amekuja na ofa imetolewa, kwa hiyo nadhani uko salama, ila stika yako unaweza kuihakiki mwenyewe kwenye TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, kwa namba ya usajili.

Mpira uliokuwa unavuja: waambie. Fomu ya madai ikiuliza chanzo, andika kilichotokea kama ulivyoniandikia mimi, kwamba mpira ulikuwa unavuja, ukapiga kiki, ikarudisha moto. Mpira wenyewe hawatakulipa, huo ni uchakavu. Wanaweza pia kukuuliza kwa nini ulikiendesha chombo ukijua kina kasoro, na swali hilo lina haki ya kuulizwa. Lakini uongo kwenye fomu ya madai unaipa kampuni sababu safi ya kukataa dai lote, na asesa yeyote anayejua kazi yake ataiona njia ya moto: ulianzia chini ya bomba la petroli, ukapanda. Ukweli huo unaweza kukupunguzia malipo, au usikupunguzie kitu. Uongo ukigundulika unaweza kukukosesha yote.

Wakileta hati ya kukubali malipo, isome mara mbili kabla ya kalamu. Lazima iseme waziwazi kwamba mabaki na kadi vinabaki kwako. Neno la mdomo la wakala halitoshi, hata kama ni mtu wa kwenu. Wakikataa kukuachia mabaki, au wakiyapandisha bei hadi ofa ikose maana, andika malalamiko rasmi kwa kampuni kwanza. Usiporidhika na jibu, kuna TIRA, na kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa kwa ajili ya mivutano ya namna hii hasa. Usikimbilie huko siku ya kwanza. Mara nyingi barua yenye adabu na picha nzuri inatosha.

Nimeiweka milioni 2.8 ya fundi wako mwishoni kwa makusudi. Simfahamu na sina sababu ya kumdharau, lakini muulize kila kitu kitatoka wapi. Nahisi utasikia kabureta ya Kichina, wayaringi wa kuungaunga, na siti ya kushonwa Mbuyuni. Siti ya kushonwa sina ugomvi nayo, mafundi siti wa Moshi wana mikono. Kabureta isiyo saizi yake itakusumbua milele: injini ya silinda moja yenye cc 499 ni kali kwa mchanganyiko mbaya, itakurudishia moto tena, na umeshaona mwisho wake. Mikuni bado wanatengeneza kabureta za familia ya VM. Agiza hiyo, uweke na mpira wake mpya. Kwenye hesabu ya kuagiza, ongeza usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18, vinginevyo bei uliyoiona kwenye intaneti itakudanganya vibaya.

Kwa hiyo mpangilio wangu ungekuwa huu: uzima wa fremu na injini ukithibitika, chukua hela ya bima ukibaki na mabaki. Kwanza nunua vitu vinavyozuia moto, yaani kabureta, koki ya tangi, mipira ya petroli yenye klipu. Pili wayaringi. Tatu kebo, beringi na shokapu. Rangi na urembo vije vya mwisho, hata kama ni mwakani. Fundi wako alipwe kwa kazi, vipuri ununue mwenyewe na risiti zote uziweke, kwa sababu siku ya kukata bima upya utazihitaji pamoja na picha. Kwenye bima hiyo mpya, omba thamani ya chombo ikubaliwe na kuandikwa kwenye mkataba tangu mwanzo, ili asiwepo tena mtu wa kukulinganisha na bodaboda. Na kama shingo ya fremu imepinda, au hedi na kasha la injini vyote vimelegea, sahau niliyoyasema: chukua milioni 5.4, waachie.

Mama naye ana hoja, na mjibu kwa heshima. Kama unahitaji chombo cha kwenda kazini Jumatatu, XT 500 hii haitakuwa tayari, na hela itakayobaki baada ya mabaki inaweza kutosha Boxer iliyotumika huku ya baba ikisubiri vipuri. Ni uamuzi wa mfuko wako.

Kuhusu volti 12: ndiyo, weka, na wakati wake ni sasa kwa kuwa wayaringi wote uko nje. Mfumo wa asili wa volti 6 unatoa taa hafifu, na barabara ya kwenda Kibosho usiku unaijua. Cheche ya XT 500 ya asili haitegemei betri, inazalishwa na koili zake kwenye magineto, kwa hiyo hata betri ikifa unapiga kiki na kuondoka. Zipo seti za Kijerumani za volti 12 zinazobadilisha magineto zima na bado zinawasha bila betri. Tafuta hiyo, na sahani ya zamani inayobeba koili uifunge kwenye mfuko uitunze, maana mnunuzi wa baadaye atakuja kuiulizia.